SAUTI ILIKATIKIA WAPI?
Somo la kipaza sauti cha USB kwa wanachama wanaotangaza mtandaoni

Mpenzi msomaji, wahenga walisema nyani haoni kundule. Methali hii nimeiandika katika insha zangu tangu shule ya msingi, na kila mara mwalimu aliniwekea alama ya vema pembeni. Lakini maana yake hasa niliijua nikiwa Kidato cha Tatu, Jumapili, Julai 7, 2024, ndani ya bwalo letu la chakula hapa Kiamunyi. Tega sikio nikusimulie, kisha tufundishane. Makala haya ni somo wala si hadithi tu.

MKASA WENYEWE

Kama ujuavyo, Julai 7 ni Siku ya Kiswahili Duniani. UNESCO iliitenga siku hiyo mwaka 2021, na ikaadhimishwa kwa mara ya kwanza mwaka 2022. Chama chetu kiliamua kwamba safari hii wazazi wasingoje kusimuliwa. Tungewatangazia sherehe moja kwa moja mtandaoni, watuone na kutusikia popote walipo. Mwalimu mlezi alitoa kipakatalishi chake na simu ya kutuletea intaneti. Shule ikatupa kamera ndogo na kipaza sauti cha USB. Mimi nikapewa cheo cha fundi mitambo. Wacha nikwambie, siku hiyo nilitembea kifua mbele!

Jukwaa lilikuwa upande mmoja wa bwalo na meza yangu upande wa pili, karibu na soketi ya stima. Kwa kuwa waya wa kipaza sauti haukufika, niliunganisha nyaya mbili za kurefushia. Kijana mmoja wa Kidato cha Kwanza nikamkalisha chini karibu na maungio, nikamwambia, "Kazi yako ni moja tu. Mtu asikanyage hapa."

Mambo yalianza vizuri. Mara mawingu yakashuka kutoka upande wa Menengai, na mvua ikaanza kupiga mabati ya bwalo kama mtu anayemwaga mahindi kwenye karai. Kelele ilizidi. Mimi, fundi, nikafungua mipangilio ya programu ya kutangazia na kuongeza nguvu ya kichujio kinachozuia kelele ndogo ndogo. Mvua ikapungua masikioni mwa wasikilizaji. Nikajipigia makofi moyoni.

Kisha akapanda malenga wetu, binti wa Kidato cha Pili mwenye sauti laini kama maziwa ya jioni. Alikuwa ametunga shairi la mama yake, ambaye anafanya kazi ya nyumbani kule Muscat, Oman. Mama huyo alikuwa ameomba ruhusa ya saa moja kwa mwajiri wake ili amtazame mwanawe. Ubeti wa kwanza ulisikika vipande vipande. Wa pili ukawa hivyo hivyo. Ulipofika wa tatu, ule wa kumtaja mama, simu ya Mwalimu ikaingia ujumbe: "Mwalimu, namwona mwanangu anasema lakini simsikii."

Nilichanganyikiwa. Kwanza nikasema, "Ni mtandao, Mwalimu, mtandao wa leo ni mbovu." Sauti ilipokatika tena nilimgeukia yule kijana na kumfokea mbele ya bwalo zima, "Wewe! Si nilikwambia? Umekanyaga waya!" Kijana hakujibu kitu. Machozi yalimlengalenga. Shairi likaisha, saa ya mama ikaisha, naye akarudi kazini bila kusikia alichoandikiwa.

Jioni hiyo Mwalimu aliniuliza swali moja tu: "Umejuaje ni yeye?" Sikuwa na jibu. Akasema, "Basi tafuta. Ukipata, uniletee ushahidi."

NJIA YA SAUTI

Msomaji, kabla ya kutafuta kitu kilichopotea ni lazima uijue njia kilikopita. Sauti hutoka kinywani na kupita hewani hadi kwenye kipaza sauti. Humo ndani hugeuzwa kuwa tarakimu, kwa kawaida kwa kupimwa mara 48,000 kila sekunde. Tarakimu hizo hupita kwenye waya, zikaingia tundu la USB, zikapokewa na tarakilishi na kukabidhiwa programu ya kutangazia. Programu huziunganisha na picha, na mzigo wote husafirishwa kwa intaneti mpaka kwa msikilizaji.

Fikiria bomba la maji kutoka tangi hadi jikoni. Maji yakikosekana jikoni, hufukui bomba lote. Unafungua mfereji ulio katikati ya njia. Kama hapo maji yapo, tatizo liko mbele. Kama hayapo, tatizo liko nyuma. Kwa swali moja umeondoa nusu ya kazi. Hii ndiyo siri ya kwanza ya fundi.

SWALI LA KWANZA: JE, NI MTANDAO?

Mfereji wetu wa katikati ni rekodi. Programu nyingi za kutangazia, kwa mfano OBS, zinaweza kurekodi faili ndani ya tarakilishi wakati huo huo zinapotangaza. Faili hilo halipiti mtandaoni kamwe. Kwa bahati nilikuwa nimebonyeza kitufe cha kurekodi ili chama kiwe na kumbukumbu.

Jumatatu jioni tuliketi na mwalimu wa tarakilishi, tukavaa hedifoni na kusikiliza. Kumbe! Ukimya ule ule ulikuwa ndani ya faili. Mtandao niliousingizia haukuwa na hatia.

Nami ningeweza kujua hata bila faili. Intaneti ikidhoofika, kwa kawaida picha nayo hukwama au kufifia, kwa sababu picha na sauti husafiri katika mzigo mmoja. Mama alisema anamwona mwanawe akisema. Picha ilikuwa inatembea. Ushahidi nilikuwa nao mkononi, ila sikuusoma.

SWALI LA PILI: UKIMYA HUU NI WA AINA GANI?

Hapa mwalimu wa tarakilishi alinifunza jambo nisilolitarajia. Alinipa daftari na kuniambia niandike kila mahali sauti ilipokatika: dakika gani, nani alikuwa akisema, imekatika vipi. Nilihesabu mara 11. Nilipozipanga, zikajigawa zenyewe makundi mawili.

Kundi la kwanza lilikuwa na mara nne. Sauti ilikatika katikati ya neno kama kwa mkasi, ukimya ukakaa sekunde tatu hadi tano, kisha ikarudi ghafla. Ilimpata yeyote: mwalimu mkuu akihutubia, waimbaji, hata waliopaza sauti.

Kundi la pili lilikuwa na mara saba. Hapo sauti haikukatwa bali ilififia. Ilipotea mwishoni mwa mshororo na kurudi msemaji alipoinua sauti. Zote saba zilikuwa za mtu mmoja, malenga wetu.

Aina mbili za ukimya! Maana yake, huenda magonjwa yalikuwa mawili nami nilikuwa nikitafuta moja. Kama daktari hatakuuliza homa inakuja saa ngapi, atakupa dawa ya kubahatisha.

UGONJWA WA KWANZA: WAYA

Jumatano tulipanga vyombo vyote kama vilivyokuwa siku ya sherehe, nyaya zile zile, mahali pale pale. Kipaza sauti kilichomekwa kwenye kile kisanduku kidogo kinachogawa tundu moja la USB kuwa manne, pamoja na kamera na kipanya. Mtu yeyote asikaribie. Yule kijana wa Kidato cha Kwanza naye alikuja, akaketi mbali.

Hatukungoja sana. Kabla ya dakika 20 kwisha, taa ya kipaza sauti ilizimika, tarakilishi ikatoa ule mlio wa kifaa kilichochomolewa, halafu baada ya sekunde chache taa ikawaka tena. Hakuna aliyekanyaga kitu. Kijana aliniangalia tu. Wee! Afadhali angenitukana.

Sasa kanuni ya pili ya fundi: badilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja. Ukibadilisha vitatu na tatizo likaondoka, hutajua kipi kilikuwa na makosa. Tulifanya hivi:

1. Tulichomeka kipaza sauti moja kwa moja kwenye tarakilishi kwa waya wake mwenyewe wa mita 1.5. Saa nzima, hakikukata. Kipaza sauti na tundu havina makosa.

2. Tulirudisha kisanduku cha kugawa pamoja na kamera na kipanya, bila nyaya za kurefushia. Saa nzima, hakikukata.

3. Tulikiondoa kisanduku, tukaweka nyaya zote mbili za kurefushia, kila mmoja mita 3. Kilikata mara mbili.

4. Tuliondoa waya mmoja wa kurefushia, tukabaki na mwingine. Saa nzima, hakikukata. Tukabadilishana, wa pili ukaingia mahali pa wa kwanza. Hakikukata pia.

Umeona, msomaji? Kila waya peke yake ulikuwa mzima. Kosa lilikuwa urefu wa jumla: 3 na 3 na 1.5 ni mita 7.5. Kwa vifaa vya USB vya aina hii, waya haufai kuzidi mita 5. Ukizidi, umeme wa volti 5 unaolisha kifaa hupungua njiani, na ishara za tarakimu hudhoofika. Tarakilishi ikishindwa kukisikia kifaa, hukiona kama kimechomolewa.

Pengine utauliza, mbona flashi ikiwa kwenye waya dhaifu bado hunakili faili? Ni kwa sababu kunakili faili ni kama matatu. Abiria akiachwa stendi, utingo hurudi kumchukua, hata kama mtachelewa. Sauti ya moja kwa moja ni kama gari moshi. Huondoka kwa saa yake, na aliyeachwa ameachwa. Kipaza sauti cha USB hupeleka kifungu cha tarakimu kila sehemu moja ya elfu ya sekunde, na kifungu kikipotea hakiombwi tena. Ndiyo maana waya usiofaa huonekana kwanza kwenye sauti.

Dawa yetu ilikuwa rahisi na haikugharimu hata shilingi. Tulisogeza meza karibu na jukwaa, na waya wa kurefushia tukauelekeza kwenye stima badala ya kwenye sauti. Yaani tarakilishi ndiyo iliyosafiri, na waya wa stima ndio ukarefushwa.

WASHUKIWA WENGINE

Kwako huenda waya ni mfupi na bado kinakata. Basi wahoji hawa, mmoja mmoja:

Kwanza ni kisanduku cha kugawa. Tundu la kawaida la USB 2.0 hutoa umeme usiozidi miliampia 500. Kisanduku kisicho na plagi yake ya stima hugawa kiasi hicho hicho kwa vifaa vyote. Kamera ikihitaji zaidi, kipaza sauti hulala njaa. Kipe kipaza sauti tundu lake peke yake.

Pili ni ubahili wa tarakilishi. Tarakilishi za Windows huweza kuzima tundu la USB ili kuokoa umeme, hasa zinapotumia betri. Fungua mipangilio ya umeme, tafuta sehemu ya USB, uzime ruhusa hiyo. Na siku ya matangazo chomeka chaja, usitegemee betri.

Tatu ni programu mbili kugombania kipaza sauti kimoja. Programu ya mikutano iliyosahauliwa wazi yaweza kukinyakua. Funga yote usiyoyahitaji.

Nne ni vipimo visivyolingana. Ikiwa tarakilishi imepangwa kupima mara 44,100 kwa sekunde na programu mara 48,000, panaweza kutokea mikwaruzo au kukatika. Weka namba moja kote.

Tano ni tarakilishi iliyoelemewa. Hapo utasikia sauti ikikwaruza na kudunda, na picha nayo ikirukaruka. Punguza ukubwa wa picha na ufunge madirisha mengine.

Sita ni tundu lililolegea. Tikisa plagi taratibu ukiangalia taa. Ikizimika, badilisha tundu au waya.

UGONJWA WA PILI: FUNDI MWENYEWE

Sasa tulikuwa na njia safi. Sikukata tamaa, nikakaa mbele ya kipaza sauti na kusoma ukurasa wa kitabu. Nilipopaza, nilisikika. Niliposoma kwa upole kama yule binti, maneno ya mwisho yakamezwa. Lakini taa haikuzimika, wala tarakilishi haikulia. Waya haukuhusika hapa.

Mwalimu wa tarakilishi akanyoosha kidole kwenye kioo: "Na hiki ni nini?"

Kilikuwa kile kichujio nilichokiongeza wakati wa mvua. Wengine hukiita lango la kelele. Kazi yake ni kama ya bawabu. Sauti kubwa kuliko kiwango fulani huifungulia lango, na ndogo huifungia nje. Kiwango hupimwa kwa desibeli, na katika programu hizi sifuri ndiyo kilele. Kadiri namba ya kutoa inavyokuwa kubwa, ndivyo sauti ilivyo ndogo. Mimi nilikuwa nimemweka bawabu kwenye desibeli −18. Sauti ya malenga, akiwa amesimama mbali kidogo na kipaza sauti, ilicheza karibu na −25. Bawabu hakujua mvua ni ipi na shairi ni lipi. Aliona vyote ni vidogo, akavifungia nje.

Nilikizima. Nikanong'ona. Nikasikika.

Mara 11, saba zilikuwa zangu. Na ubeti wa tatu, nilipoutafuta katika daftari, ulikuwa katika zile saba. Hata kama waya ungekuwa mzima, mama yule asingemsikia mwanawe. Nilimfokea mtoto wa watu kwa kosa nililolifanya kwa mkono wangu mwenyewe, tena nikiwa najisifu.

Dawa ya ugonjwa huu si kupigana na mvua kwa kichujio. Dawa ni kusogea. Ukipunguza umbali kati ya kinywa na kipaza sauti kwa nusu, sauti hupanda kwa takriban desibeli 6. Kutoka sentimita 60 hadi 30 ni desibeli 6, na kutoka 30 hadi 15 ni 6 nyingine. Jumla ni 12, na mvua haikuongezeka hata chembe, kwa sababu mabati yako pale pale. Kwa hiyo mlete msemaji karibu, kisha mweke bawabu chini kabisa, au umwambie aende nyumbani. Na kabla ya matangazo, usijaribu kwa sauti yako wewe. Mjaribu yule mwenye sauti ndogo kuliko wote.

HITIMISHO

Nilimpelekea Mwalimu daftari. Alilisoma, akasema, "Ushahidi ni mzuri. Sasa ulipomfokea, mlikuwa wangapi?" Nilielewa. Katika mkutano wa chama uliofuata nilisimama nikamwomba radhi kijana yule mbele ya wale wale waliosikia nikimshtaki. Alisema, "Ni sawa." Kisha akaongeza kwa sauti ndogo, "Lakini siku ile nilikwambia taa imezimika, hukunisikia." Kweli, alikuwa amenipungia mkono. Nilidhani anajitetea.

Jumamosi, Julai 20, 2024, tulitangaza tena. Mimi nilikaa kwenye meza, naye akawa ndiye msimamizi wa kipaza sauti na taa yake. Malenga alisimama karibu, sentimita 15 hivi. Mvua haikunyesha, ingawa hata ingenyesha tulikuwa tayari. Alipomaliza, simu ya Mwalimu ikaingia ujumbe kutoka Muscat: "Leo nimesikia hata alivyovuta pumzi."

Wenzangu wa chama, mitambo haina chuki na mtu. Ikikata, ina sababu, na sababu hutafutwa kwa hatua wala si kwa kelele. Anza na mfereji wa katikati. Uliza ukimya ni wa aina gani. Badilisha kimoja kwa wakati mmoja. Na kabla ya kunyoosha kidole kwa mwenzako, kagua kwanza kile ulichokigusa wewe mwisho.

MASWALI YA MARUDIO

1. Katika matangazo yenu, picha inatembea vizuri lakini sauti inakatika. Utaanza kuchunguza wapi, na kwa nini?
2. Eleza tofauti ya ukimya unaoletwa na waya na ule unaoletwa na lango la kelele.
3. Waya wa kipaza sauti ni mita 2 na wa kurefushia ni mita 5. Toa ushauri.
4. "Nyani haoni kundule." Jadili methali hii ukirejelea makala uliyosoma.

MSAMIATI

Kipakatalishi: tarakilishi ndogo ya kubebeka.
Desibeli: kipimo cha ukubwa wa sauti.
Lango la kelele: kichujio kinachofungia nje sauti zilizo chini ya kiwango kilichowekwa.
Waya wa kurefushia: waya wa kuongeza urefu wa mwingine; watu wengi husema ekstensheni.